Mbwa wa Mrusha Roketi

Mwaka wa sitini na tano, shamba la chai alikofanya kazi Ogari liliamua kupigana na mvua ya mawe. Huko Kericho mawe hunyesha alasiri baada ya alasiri, na dakika kumi tu zatosha kuyaponda majani ya kilima kizima. Wakubwa wa shamba wakaleta roketi zilizojazwa baruti, za kuyavunja mawe yangali mawinguni. Ukiwasha utambi, roketi ilipanda ikipiga mluzi hadi tumboni mwa wingu, ikapasuka huko kwa kishindo kilichotikisa madirisha ya kiwanda. Watu watatu walichaguliwa kuzirusha, na Ogari akawa mmoja wao. Alifurahi. Kwa miaka sita alikuwa amepogoa chai akiwa ameinama. Sasa alipewa koti la kaki na kazi ya kutazama juu.

Aliyeumia ni Chaki.

Chaki alikuwa mbwa wa Nyamoita, mke wa Ogari. Nyamoita alimleta kutoka Nyamira akiwa bado mtoto wa mbwa, ndani ya kikapu cha ndizi: mweusi mwili wote ila kifua cheupe. Watoto wao, Bosibori na wadogo zake, walisomea nyumbani kwa bibi yao, kwa hiyo chumba chao kimoja kwenye nyumba za wafanyakazi kilikuwa cha watu wawili na mbwa.

Siku ya roketi ya kwanza, Chaki aliukwaruza mlango mpaka kucha zikatoka damu. Nyamoita aliporudi kutoka kuchuma chai alimkuta amejibana kati ya ukuta na pipa la maji, anatetemeka kama mwenye malaria. Ugali hakuugusa.

"Atazoea," Ogari alisema. "Hata mimi ile ya kwanza ilinishtua."

Hakuzoea. Wiki ya pili, wingu likianza tu kuwa jeusi upande wa milima ya Mau, mate yalikuwa yakimchuruzika. Wiki ya tatu akawa anajikojolea. Jioni moja Ogari alirudi amechoka, akakuta blanketi limelowa, akamchapa fimbo ili ajikaze. Tangu siku hiyo Chaki alitazama kwanza mkono wa Ogari, ndipo akamtazama uso.

Aliyewashauri alikuwa Wacuka, mwenye duka la njia panda, ambaye wote walimwita Mama Danson.

"Huyo hapigwi," alimwambia Ogari huku akimpimia sukari. "Wakati wa hali ya hatari, mzungu akiwatafuta wapiganaji wetu, ndege zilikuwa zinaangusha mabomu kwa msitu juu ya kwetu Nyeri. Tulikuwa na mbwa. Baba alimpiga, akawa mbaya zaidi. Mama ndiye alimtengenezea mahali pa giza chini ya ghala, akaweka gunia, akamwacha aingie mwenyewe. Halafu alikuwa anakaa hapo karibu akimenya viazi, kama hakuna kitu. Mbwa anakuangalia wewe. Ukitulia, na yeye anatulia."

"Na alipona?"

Mama Danson alikunja karatasi ya sukari. "Alipungua. Mabomu yalipoisha ndiyo alipona."

Wakajaribu. Nyamoita alizungushia kitanda blanketi, akatandika leso yake kuukuu uvunguni. Jumapili Ogari alikaa sakafuni, akagonga debe polepole kwa kidole, akamtupia Chaki kipande cha mfupa; akagonga tena kwa nguvu kidogo, mfupa mwingine. Jumapili ya tatu aliligonga kwa ngumi, na Chaki akatikisa masikio tu, akaendelea kutafuna. Nyamoita alicheka, akaja akakaa nao hapo chini.

Lakini mawingu hayakungoja watu warudi nyumbani. Saa ya roketi Nyamoita alikuwa mbali katikati ya chai, kikapu mgongoni, naye Ogari alikuwa kilimani ameshika moto. Alichokijenga Jumapili alikibomoa mwenyewe Jumatatu.

Kisha ikawa mbaya zaidi. Ogari akifika tu mlangoni, Chaki anaingia chini ya kitanda. Ogari akaliacha koti lake lenye harufu ya baruti kwa jirani, akaoga kwa sabuni mara mbili. Haikusaidia.

"Baruti imekuingia kwa ngozi, Baba Bosibori," Nyamoita alisema, na hakuwa anatania.

Ogari alikwenda kwa nyapara kuomba arudishwe kupogoa chai. Alipoulizwa sababu aliona haya, lakini aliisema.

Nyapara aliweka kalamu chini. Hakukasirika. "Umefundishwa wewe, Ogari. Mawe yakipiga, nimwambie mzungu mbwa wako aliogopa? Na hata ukitoka, si mwingine atazirusha?"

Ogari alilichukua koti kwa jirani. Alirudi kilimani.

Mwezi wa nane ulikuja na mawingu mazito kuliko yote. Alasiri moja walirusha roketi sita, na ya saba ikawa tayari imesimikwa. Kutoka kilimani Ogari aliyaona mabati ya nyumba zao kule chini. Akaona ubao wa mlango wao unang'oka, na kitu cheusi kikatoka mbio kuelekea barabarani. Alimjua. Akafungua mdomo amwite, ingawa ilikuwa mbali na upepo ulikuwa mkali. Nyuma yake mkubwa wa roketi akasema, "Washa."

Akawasha.

Walimtafuta siku tatu. Siku ya nne Opiyo, dereva wa lori la kuni za kiwanda, alimsimamisha Ogari getini. "Ndugu yangu, mbwa wenu aliingia kwa lori langu. Sikujua. Nilipofika Kedowa nikamkuta chini ya turubai, akaruka. Kuna mama mmoja anakaa naye."

Jumapili Ogari alipanda basi hadi Kedowa, ambako hakukuwa na chai wala roketi, kamba mfukoni. Mama huyo, mzee aliyeitwa Wamuyu, alikuwa anapalilia viazi, na Chaki amelala kando yake juani, mbavu zimeanza kufunikwa na nyama. Alipomwona Ogari, mkia ulitikisika mara moja. Kisha akajificha nyuma ya gauni la mzee.

Ogari alimwita. Chaki alikuja. Alikuja tumbo likiburuzika chini, mwili wote ukitetemeka, akasimama miguuni pake, akakojoa. Ogari aliona heri angekataa kuja.

"Ukitaka kumfunga nitakushikia," Wamuyu alisema. "Ni mbwa wako."

"Ni wa mke wangu," Ogari akajibu. Halafu akashukuru, akaondoka, kamba ingali mfukoni.

Nyamoita alikuwa mlangoni anamngoja. Alitazama nyuma yake, njia tupu.

"Yuko wapi?"

"Yuko huko. Anakula vizuri."

"Mbona hukumleta?"

"Nimlete wapi, Mama Bosibori?"

Mwisho wa mwezi Nyamoita alifunga mifupa kwenye karatasi, akapanda basi kwenda Kedowa. Alirudi jioni, manyoya meusi yamemjaa kwenye sketi, akasema Chaki alilala miguuni pake mpaka basi likafika.

Ogari alimwongezea chai. "Mwezi ujao twende wote," alisema.

Nyamoita alifungua kitambaa cha kichwa, akakikunja juu ya magoti yake.

"Akikuona ataogopa," alisema. "Wacha niende peke yangu."