Siku Kumi na Nne za Bango

Asubuhi ya siku ya sita, Orest Hrynchuk alifungua mlango achukue gazeti, akamkuta jirani yake Lorne Haverstock amesimama katikati ya theluji, msumeno mkono mmoja, simu mkono wa pili. Bango lilikuwa chini. Lorne alikuwa ameweka buti juu yake, buti jeusi lenye kamba nyekundu, anajipiga picha kama wawindaji wanavyojipiga na kulungu waliyemuua.

Orest hakusalimia. Alichukua beleshi la theluji lililoegemea ukuta na kulishusha mgongoni mwa Lorne kwa nguvu ambazo mtu wa miaka sabini na mbili hana ruhusa ya kuwa nazo. Lorne akala theluji. Akainuka, akatema, akamrudishia Orest kichwa cha tumbo, wakabiringishana hadi barabarani. Dereva wa basi, ambaye hakuwa na abiria hata mmoja, alisimama kuwasubiri wamalize.

"Lisimamishe tena uone!" Lorne alipiga kelele akirudi kwake huku akichechemea. "Nitalikata vipande vya kuotea moto!"

"Njoo na meno ya akiba!" Orest akamjibu.

Bango lenyewe halikuwa na neno la matusi. Lilisema tu kwamba mwenye kiwanja anaomba kuvunja nyumba yake na kujenga nyumba ya familia nne. Lakini katika mtaa ule wa Winnipeg sheria ilikuwa kiwanja kimoja, nyumba moja, familia moja, na watu waliishika kama vile Mungu mwenyewe alishuka na futi kamba akaipima. Nyumba thelathini na moja zilikuwa na watu arobaini na watatu. Kulikuwa na mama mmoja mwenye vyumba vitano na paka. Shule ilifungwa kwa kukosa watoto. Lorne, mjane kama Orest, alipasha moto ghorofa nzima ambayo hajaikanyaga tangu mazishi, na bado alikuwa mwenyekiti wa Watetezi wa Sura ya Mtaa.

Ili madiwani wasikilize ombi, bango lilipaswa kusimama mbele ya nyumba siku kumi na nne. Likionekana limeanguka, hesabu inaanza upya, na kikao kinachofuata ni cha vuli. Orest hakuwa na muda wa kungoja vuli. Binti yake Daria alipanga chumba cha chini ya ardhi huko Brandon, yeye na mapacha wake, na mwenye nyumba alikuwa amemwambia atoke mwisho wa Aprili. Kazi ilimngoja Calgary.

"Nikiwa na hakika ya nyumba yangu hapo kwako, nakuja," Daria alimwambia kwenye simu. "Nikienda Calgary, Baba, sirudi. Najijua, nawe unanijua."

"Usifunge mizigo. Nipe hadi kikao."

"Sauti yako imekuwaje?"

"Nimeteleza."

"Umeteleza ukaangukia ngumi?"

Saa ile ile Orest alilisimamisha bango. Miguu ya mbao imekatwa? Basi akaipa miguu ya mabomba ya chuma. Kisha akafanya alichokijua kuliko watu wote wa mtaa. Kwa miaka ishirini na mitano, watoto walipokuwepo, ni yeye aliyewatengenezea uwanja wa barafu nyuma ya nyumba, tabaka juu ya tabaka, hadi ukawa laini kama kioo cha kunyolea. Alibeba ndoo. Alimwaga maji, akangoja yagande, akamwaga tena. Kufikia siku ya kumi, mabomba yalikuwa yamezama katika bonge la barafu kubwa kama ng'ombe aliyelala. Mzee mmoja wa kona anaapa kwamba bonge lile lilidumu hadi Julai, na watu waliweka soda juu yake.

Siku ya kumi na tatu, saa tatu asubuhi, nyuzi thelathini na nane chini ya sufuri, Lorne alikuja na pikapu. Alizungusha mnyororo kwenye bango, akafunga ncha nyingine kwenye bampa, akakanyaga mafuta. Pikapu ililia. Magurudumu yalichimba theluji, yakachimba lami, yakaanza kuitafuta China upande wa pili wa dunia. Bango halikutikisika. Kisha ukasikika mlio kama wa bunduki, na bampa ikang'oka, ikaruka juu ya paa la pikapu, ikavuka ua, ikaingia sebuleni kwa Lorne kwa kupitia dirisha kubwa la mbele. Runinga ikazimika.

Orest alikuwa mlangoni na mwiko mkononi, maana supu yake ya biti, vile viazi vyekundu, ilikuwa jikoni. Alicheka hadi akashika nguzo.

"Unacheka?" Lorne alishuka. "Unacheka, sivyo?"

"Nacheka, bwana mwenyekiti. Sura ya mtaa imeharibika."

Sasa, wote wawili walicheza hoki ya barafu ujanani, na katika hoki kupigana na glavu mikononi ni tabia ya mtu asiye na adabu. Unazitupa kwanza, ndipo unapiga. Kwa hiyo wazee wawili, kwenye baridi ambayo ingepasua chupa ya bia, walivua glavu na kuzitupa kwenye theluji kwa heshima zote.

Ngumi ya kwanza ya Lorne ilitoa jino. Ngumi ya Orest ilivunja pua, na damu haikuwahi kufika kidevuni, iliganda njiani ikaning'inia kama mshumaa mwekundu. Lorne akaukata, akamchoma nao Orest shavuni. Orest akamshika masikio, akambamiza paji kwenye mlango wa pikapu mara mbili, na ile mara ya tatu wote wakateleza wakaanguka juu ya ule mnyororo.

"Mia nne!" Lorne alihema. "Mtaleta magari mia nne! Nyanya zangu hazitaona jua!"

"Nyanya zako zina jua, mwanangu hana paa! Hilo tu hulioni?"

Lorne akajinyanyua, akalikimbilia bango, akayakumbatia mabomba kwa mikono mitupu ili aling'oe kama mti wa muhogo. Akavuta mara moja. Hakuvuta mara ya pili.

Mikono ilikuwa imenata; kwenye baridi ile chuma hushika ngozi tupu kama gundi.

"Orest," alisema, kwa sauti nyingine kabisa.

"Naam."

"Lete maji ya moto."

"Ungemwacha mtu hapo, wewe?"

"Ningemwacha," Lorne alisema, na machozi yakamgandia kwenye kope. "Lete, nakufa."

Orest aliingia ndani. Birika lilikuwa tupu. Alirudi na sufuria nzima ya supu ya biti, mafuta na vipande vya nyama na vyote, akaimwaga juu ya mikono ya jirani yake. Lorne aliachia, ngozi ya viganja ikabaki kwenye chuma, na mikono iliyotoka ilikuwa myekundu hivi kwamba hukuweza kujua ipi damu, ipi biti. Aliitazama. Akainua mmoja, akampiga Orest mdomoni. Jino la pili.

Bango lilisimama siku ya kumi na nne.

Kwenye kikao Lorne alifika na mikono miwili ya bandeji, mikubwa kama mikate, na hotuba ya kurasa saba. Kila mwananchi alikuwa na dakika tano. Alisimama kwenye maikrofoni, akazitazama karatasi, akaitazama mikono yake. Hakuna mtu wa chama chake aliyekaa karibu.

"Kuna atakayemgeuzia kurasa?" akauliza mwenyekiti wa madiwani.

Orest akainuka, mdomo umevimba, akasimama kando yake.

"Mtu huyu ni mkatili," Lorne alisoma. "Geuza. Hana haya wala huruma kwa majirani. Geuza."

Orest aligeuza, moja baada ya nyingine, kwa uaminifu. Vivuli. Magari. Mifereji. Akafika ukurasa wa saba, na mkono wake ukasita. Ilikuwa picha. Bango liko chini, tarehe ya siku ya sita imeandikwa kwa kalamu nyekundu, na Lorne alikuwa amekata uso wake ukabaki mguu tu. Madiwani wakiiona, hesabu inarudi mwanzo, na Daria yuko Calgary.

"Geuza," Lorne akanong'ona akitabasamu.

"Nageuza," Orest akanong'ona. "Ila tazama chini kwanza."

Lorne akatazama. Buti jeusi, kamba nyekundu. Hakuwa na jozi nyingine, ile ya pili ilipasuliwa na bampa sebuleni.

"Watauliza nani aliliangusha, Lorne. Niwaoneshe?"

Saa ya ukutani ilikuwa ikitembea. Lorne alilisogeza buti moja nyuma ya jingine kama mtoto aliyekojoa. Sekunde ishirini. Kumi. Kengele ikalia.

Madiwani tisa waliinua mikono kukubali, sita kukataa.

Koridoni, Orest alikuwa akitafuta namba ya Daria kwenye simu pale buti lenye kamba nyekundu lilipomfikia matakoni kwa nguvu zilizombwaga juu ya mtungi wa maua. Alijizoa, udongo masikioni, simu bado mkononi, binti yake akiita upande wa pili.

"Baba? Baba, nini hicho? Wamesemaje?"

"Njoo," alisema. "Njoo na watoto."

"Na huyo jirani yako, ni mtu wa kuishi naye?"

Orest alimtazama Lorne, aliyekuwa akihangaika kuvaa koti kwa bandeji na kushindwa mkono wa pili.

"Ni mzuri," akasema, akaenda kumvalisha. "Siku hizi anapiga mateke tu."