Ulimi wa Klarineti ya Chediel

Kwa heshima zote zinazostahili, klarineti ya shule yetu ya bweni ilikuwa kamili, ila tu ilikosa ile pete ya chuma inayobana ulimi kwenye mdomo wake. Ulimi wenyewe ni kibanzi cha tete kinachotoa sauti kikipulizwa, nchani chembamba kama kucha ya mtoto mchanga. Tulikuwa nao mmoja.

Mpigaji alikuwa Chediel, aliyeshika mkia darasani bila mpinzani. Siku hiyo Mwalimu Anastasia wa chuo cha muziki alikuja kuchagua mwanafunzi mmoja wa kusomeshwa bure. Chediel asipochaguliwa, anarudi Ilongero kuchunga ng'ombe. Baba yake alishasema, na baba yake hasemi mara mbili.

Siku zote aliufunga ulimi kwa uzi wa kusukia nywele. Asubuhi ile uzi ukakatika, naye akatoa kipande cha mpira wa tyubu aufungie.

"Profesa," nikamwambia, "hilo si dumu la mafuta ya alizeti."

"Nyamaza, Laurian. Kaka yangu anafunga madumu kwa mpira huu kwenye boda mpaka Singida mjini. Umewahi kuona limedondoka?"

"Sijawahi kusikia limepiga wimbo pia."

Mbele ya mwalimu, sauti ya kwanza ilitoka safi. Ya pili ikawa mbuzi anayechinjwa. Mpira ulikuwa umeuvuta ulimi upande. Darasa zima likacheka. Chediel akaurudisha ulimi katikati, akaung'ata mpira kwa meno na kuuvuta kwa nguvu zote za ukoo wao.

Ta!

Ulimi ulipasuka toka nchani hadi shinani.

"Una mwingine?" Mwalimu akauliza.

"Sina, mwalimu."

"Mimi napiga tarumbeta, mwanangu, nayo haina ulimi. Sina cha kukupa."

"Basi naomba niimbe."

Akaimba wimbo wote, "tu-tu-ru", huku vidole vikibonyeza matundu kana kwamba klarineti inalia. Hakuna aliyecheka, hata mimi, na mimi hucheka hadi misibani.

Mwalimu alisikiliza mpaka mwisho. "Wimbo unaujua. Lakini nimetumwa kusikia chombo. Na gari linanisubiri, naenda Iguguno." Akampa mkono, akaondoka.

Chediel akanigeukia. "Pale katikati, nilikosea?"

"Hukukosea."

"Nilijua," akasema, akaenda bwenini kukunja godoro lake.