Mlango Ulioonekana Kifuani

Mwaringa aliinua simu ili hata waliokaa nyuma, kwenye ukuta wa jikoni, waone.

"Tazameni kifuani mwake. Si mlango ule? Mtu wa damu na nyama, mlango ulio nyuma yake unaonekanaje?"

Aliye pichani nilikuwa mimi, Dzombo, nimesimama uani kwangu kule Ganda, mwepesi kama moshi wa ubani. Mbao za mlango, hata komeo lake, zilionekana kupitia kifua changu.

Picha hiyo niliipiga mwenyewe. Nilipomzika mke wangu nilianza masomo ya jioni katika ukumbi wa kanisa, Malindi. Kwanza nilitaka kuisoma Biblia bila kusomewa, kisha nikaingia darasa la picha za simu. Purity, mwalimu wetu, alitufundisha kutumia programu nyingine ya kamera. Ile iliyokuja na simu huamua kila kitu yenyewe. Ilinifuta makunyanzi bila kuniuliza. Hii hukuachia uamue mwanga uingie kiasi gani, na jicho la kamera likae wazi muda gani.

"Likikaa wazi, mzee, ukaondoka katikati, unabaki nusu," alisema.

Basi jua likizama niliiegemeza simu kwenye ndoo, nikasimama mlangoni, nikaondoka. Nilipoiona picha nilimshukuru Mungu kwa sauti. Hivyo ndivyo tulivyo hapa duniani, wapita njia. Nikaituma kwenye kundi la ukoo, nao wafurahi.

Wakaja nayo kikaoni, uani pale pale kwangu. Walikuja pia na ushahidi wa mvi zangu, na wa kifo cha mtoto wa ndugu yetu Kahonzi, aliyechukuliwa na homa mwezi ule.

"Baba mkubwa, hatukuchukii," alisema Mwaringa, mtoto wa marehemu ndugu yangu. "Tuambie tu mtoto alikukosea nini."

"Mutsai!" sauti ikatoka nyuma. Mchawi.

"Huyo kufuli haimzuii," mwingine akadakia. "Anapita ukutani!" Vijana wakacheka.

Niliomba kimoyomoyo, nikapewa ujasiri. "Mwaringa, mwanangu, simama hapo mlangoni. Nikisema ondoka, ondoka."

Giza lilikuwa likiingia kwenye mikorosho. Nikaiegemeza simu yangu kwenye ndoo, nikaliacha jicho la kamera wazi. Mwaringa akasimama, akaondoka. Nikaipitisha simu mkono kwa mkono: Mwaringa wa moshi, komeo tumboni mwake.

Kikao kikageuka sherehe. "Na mimi, babu! Nipige na mimi!" Walisukumana. Nilidhani yamekwisha.

Kahonzi peke yake hakuinuka. Aliitazama picha muda mrefu, kisha akaniuliza taratibu, kama anayeuliza njia, "Kumbe ni kamera. Basi mwanangu aliuawa na nani?"

Kicheko kikakatika. Wote wakanigeukia. Picha niliyodhani imenifunga ndiyo iliyokuwa shtaka pekee nililoweza kulijibu. Sasa hawakuhitaji hata sababu.

Mwaringa akanivuta nyuma ya tangi la maji. "Mimi nilijua ni kamera tangu siku uliyoituma," alinong'ona.

"Basi waambie."

"Si umewaambia mwenyewe? Imesaidia nini?" Akanipangusa vumbi begani. "Huna mtoto, baba mkubwa, na shamba lako limepakana na barabara. Vijana wana mapanga. Ondoka leo, nami nitawashika wasikufuate."

Nikaondoka na Biblia, shuka na simu.

Asubuhi, nikiwa njiani kwenda kwenye makao ya wazee waliofukuzwa kama mimi, simu ikalia, ujumbe wa Mwaringa. "Shikamoo baba mkubwa. Nitumie ile picha yangu. Imetoka vizuri."

Nikamtumia.

Hakuna aliyekumbuka kunitoa kwenye kundi. Kufikia jioni alikuwa ameshaiweka humo, na ukoo mzima ukimsifu. Kahonzi naye aliandika: "Umependeza."