Sanduku Nyuma ya Mkilifi

Jumanne, baada ya swala ya alasiri, Lamis alifungua mkebe wa nyuzi ili amalizie kofia ya bwana harusi mmoja wa Tononoka, akakuta karatasi iliyokunjwa mara nne. Mwandiko ulikuwa wa mumewe, Fahmi, aliyetiwa garini na watu wasiojitambulisha pale Makupa miaka sita iliyopita, asionekane tena. Karatasi ilisema: *Kaulizie kikombe changu.*

Lamis alichoma sindano kitambaani isipotee, akavaa buibui, akatoka.

Muuza kahawa, mzee Jamaldin, alikuwa kwenye kona yake ileile.

"Masalkheri, mzee Jamaldin."

"Masalkheri, bi Lamis. Wataka kahawa au wataka kikombe?"

"Kikombe."

Alikitoa chini ya meza. Miaka yote sita alikuwa akikiosha kila jioni pamoja na vingine, kwa kuwa mwenyewe hakuaga. Ndani mlikuwa na karatasi ya pili: *Makubadhi yangu yako tayari.*

Kwa Sabir, fundi viatu, makubadhi yalikuwa yametundikwa msumarini.

"Nilimwambia aje Alhamisi," Sabir alisema, akiyapangusa vumbi. "Hakuja."

Alama za vidole vya miguu ya Fahmi zilikuwa zimezama ngozini. Lamis aliweka vidole vyake vya mkono humo, kimoja kimoja, na Sabir akageuka kutafuta gundi. Chini ya ukanda wa kushoto palikuwa na karatasi ya tatu: *Makaburi ya zamani. Ukutani, nyuma ya mkilifi.*

Huko alimkuta Karisa, mfagiaji wa makaburi, na wanawake wawili walioketi juu ya kanga wakingoja. Ukutani, nyuma ya shina la mkilifi, palikuwa na sanduku la barua la chuma, rangi yake nyekundu imebabuka.

"Hufunguliwa saa kumi na moja," Karisa alimwambia. "Leo barua zimechelewa kidogo. Kwao kumenyesha."

Alipolifungua, mwanamke wa kwanza alipata barua ya marehemu mamake, akiuliza kama paa la jikoni limezibwa. Alicheka, akaitia mkobani. Wa pili hakupata kitu. Bahasha ya mwisho ilikuwa ya Lamis.

*Mke wangu,* Fahmi aliandika, *niwie radhi kwa kukuzungusha. Sanduku hili ni la waliozikwa, nami sikuzikwa, nilitupwa. Ilibidi nipitie kwenye vitu vyangu vilivyobaki mjini, hadi nikapata maiti wa hapo wa kunitilia barua. Nilikufa siku ileile. Kaa eda, kisha uishi.*

Lamis aliisoma mara tatu. Kwa miaka sita watu hawakujua wamwite mke wa Fahmi au mjane wa Fahmi, naye hakuwasaidia. Aliinusa karatasi akitafuta udi wa mumewe. Ilinuka udongo uliorowa.

Asubuhi aliipeleka kwenye ofisi ya serikali alikokuwa akimuulizia Fahmi kila mwezi. Afisa aliyeitwa Ronald, mtu mwenye adabu, aliisoma hadi mwisho.

"Pole sana, mama. Mwandiko ni wake, tunao kwenye faili. Lakini hakutaja mahali. Bila mahali hakuna mwili, na bila mwili hatuwezi kuandika kwamba amekufa."

"Mwenyewe asema amekufa."

"Ndiyo, mama. Lakini yeye ni mhusika."

Aliigonga muhuri, akatoa nakala, akarudisha faili kwenye rafu.

Lamis alirudi makaburini na karatasi yake mwenyewe: *Uko wapi? Waona nini? Mimi nakukumbuka zaidi asubuhi.* Jibu lilikuja Alhamisi.

*Sioni kitu. Nasikia mto, na fisi. Asubuhi hata mimi. Tuko kumi na mmoja hapa. Huyu wa kulia kwangu ni Ngowa wa Buxton. Mamake, Dama, auza mbaazi, naye hajui, bado amngoja. Mwambie taratibu.*

Lamis aliahirisha eda siku moja, akashika njia ya Buxton. Dama alikuwa nje ya mlango, akimpakulia mteja. Alipoiona bahasha mkononi mwa mgeni, alifunika sufuria, akasogea kwenye benchi ampishe.

"Wako ni nani?" aliuliza.

"Mume."

"Wangu ni mtoto," Dama alisema. "Soma polepole."