Mtani Hakasirikiwi

Sina tabia ya kusamehe haraka, na Jabiri sikutaka kumsamehe hata polepole. Naanza hapo ili asiyependa habari za kisasi aache kusoma mapema.

Mimi ni Auleria, Mnyamwezi wa Tabora. Nina saluni Manzese, karibu kabisa na barabara, basi la mwendokasi likipita vioo vyangu vyote vinatetemeka. Nimesuka vichwa vya wanawake wa mtaa huu kwa miaka kumi na minne, na Jabiri nimemshabikia tangu hajulikani. Alikuwa anaimba singeli kwenye vigodoro, zile ngoma za usiku za mtaani, kipaza sauti kimeshikizwa kwa mpira wa baiskeli, na mimi niko mbele na kitenge kiunoni, namtunza kwa hela ya mboga. Alipohamia bongo fleva nilihama naye. Waliomponda mtandaoni nilipambana nao mpaka simu inazima.

Mama yake, Bi Tunu, anauza mkaa hatua chache kutoka mlangoni kwangu. Ni Mzaramo wa hapa hapa, mweusi wa kuzaliwa, weusi ambao vumbi la mkaa haliuongezi wala haliupunguzi. Jabiri amelelewa na mkaa huo tangu baba yake alipofariki.

Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara ya miguu, na utani una sheria zake. Siku ya msiba wa baba yake Jabiri nililala chali mlangoni, mbele ya jeneza, nikasema maiti hatoki mpaka nipewe jogoo, maana marehemu ameondoka bila kuniaga na bado nilikuwa na matusi ya kumpa. Wanaume waliobeba wakasimama. Bi Tunu, macho yamemvimba kwa kulia, akaangua kicheko, akaniletea jogoo mwenyewe. Jabiri alikuwa na miaka kumi na miwili. Akamuuliza mama yake kwa nini hanifukuzi.

"Mtani hakasirikiwi, mwanangu," Bi Tunu akamwambia. "Ukimkasirikia mtani, ujue ushajitoa kwenye ukoo."

Mtoto akaitikia kwa kichwa. Nilimwona.

Mwaka huu Jabiri akatoa wimbo wa mama yake. Anaimba: *Mkono wa mkaa, mama, ndio ulionilea, weusi wako taa, kwa mwanga wake natembea.* Niliusikia redioni nikiwa katikati ya kusuka, nikalia mpaka mteja wangu akaniomba nimalize kwanza kichwa chake. Mtaa mzima ulitembea kifua mbele. Watu walikwenda kununua mkaa kwa Bi Tunu hata wenye majiko ya gesi.

Kisha ikatoka video. Tuliitazama saluni kwangu, simu tumeiegemeza kwenye chupa ya shampuu, Bi Tunu tumemkalisha kwenye kiti cha mbele kama bibi harusi. Akatokea mwanamke wa maji ya kunde, nywele za bandia mpaka kiunoni, kucha ndefu nyekundu, anashika kipande cha mkaa kwa ncha za vidole viwili. Jabiri anapiga magoti mbele yake, anambusu mkono, anamwita mama.

"Huyo ndiye mie?" Bi Tunu akauliza.

Nilijifanya natafuta kitana.

"Mzuri," akasema. Akajitanda khanga yake, akarudi kwenye mkaa.

Wiki iliyofuata mtangazaji mmoja akamuuliza Jabiri kwa nini mama wa kwenye video hafanani na mama wa kwenye wimbo. Akajibu kwa ile sauti ya wasanii wakishashiba: "Hiyo ni sanaa, braza. Kamera ina rangi inazozipenda. Msanii ni kioo cha jamii, na jamii inapenda kitu kinachong'aa."

Hapo ndipo nilipomchukia. Mimi nimeishi na vioo miaka kumi na minne, vinne ukutani na kimoja cha mkononi. Sijaona kioo ambacho anasimama mbele yake mtu mweusi kikamwonyesha mweupe. Kikifanya hivyo hicho si kioo, ni tapeli. Tulikuwa tunakaa kwenye vibanda vya video tunapiga kelele kwamba kwenye sinema za wenzetu mtu mweusi ndiye anayekufa wa kwanza. Haya, leo tumepata kamera zetu, hadithi zetu, mitaa yetu, na mtu mweusi hata kufa hatumpi nafasi, tunamtoa kabla hawajawasha taa. Na aliyetolewa safari hii si mtu baki, ni mama mzazi, kwenye wimbo unaosifu weusi wake.

Najua atakayeuliza: na wewe Auleria je? Ndiyo, napaka. Kidogo, ya kusawazisha tu. Na chini ya kaunta yangu kuna makopo, kwa sababu wanawake wakikosa mkorogo wa kujichubua kwangu wanaufuata kwa wengine. Biashara ni biashara. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikijiambia, na nilijiamini.

Siku moja mchana, saa ambayo wateja wamekwenda kupika, Bi Tunu aliingia saluni akafunga mlango nyuma yake.

"Shikamoo, Bi Tunu."

"Marahaba, mtani. Upo peke yako?"

"Nipo."

Hakukaa. Alisimama huku mikono ameificha ndani ya khanga. "Kile unachowachanganyiaga wenzangu, nichanganyie na mie."

Nilidhani ni utani, nikacheka. Yeye hakucheka.

"Uzinduzi rasmi wa wimbo umebaki wiki mbili," akasema. "Jabiri kasema nitapandishwa jukwaani kusalimia watu. Kamera zitakuwepo. Sitaki kumtia aibu mwanangu."

Mwanamke wa miaka sitini na mbili. Ameinamia magunia maisha yake yote, hajawahi kumwomba mtu maji ya kunywa, leo anaomba ngozi nyingine ili mwanawe asimwonee haya. Nikamwambia dawa imeisha, asubiri. Makopo tisa yalikuwa miguuni pangu.

"Usichelewe," akasema. "Ukichelewa, kwa Loveness kule Tandale wanayo."

Basi nikawa na wiki mbili. Kila alipopita nilimwambia mzigo uko njiani. Nilijua siku akienda Tandale ile sura haitarudi tena. Nimeona wanawake ambao ngozi imekuwa laini kama ya kidonda kilichopona jana, jua likiwapata wanalia. Kumzuia peke yake hakukutosha. Nilitaka Jabiri alipe mbele za watu, mbele ya hizo hizo kamera zenye rangi zinazozipenda.

Siku tatu kabla ya uzinduzi meneja wake, kijana mmoja mstaarabu anaitwa Twalib, alinifikia na boksi la vipodozi.

"Shikamoo, anti. Jabiri kaniagiza. Mama utamtengeneza wewe, anakuamini. Poda ndiyo hii, ipake mpaka shingoni na mikononi. Yaani ang'ae. Mama asipigwe picha hivi hivi."

"Hivi hivi vipi?"

Akaangalia chini. "Ishu ni taa za ukumbini tu, anti."

Nikapokea boksi, nikamwambia asiwe na wasiwasi. Waswahili husema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Bi Tunu alikuwa amemfunza yote, na yeye amesahau. Nikaamua ulimwengu nitakuwa mimi.

Jumamosi asubuhi nilikwenda kumtengeneza Bi Tunu nyumbani kwake, kwa sababu kwake hakuna kioo. Nikampaka mafuta ya nazi usoni na mikononi. Halafu nikachukua pafu kavu, ambayo haijagusa poda, nikampigapiga mashavu, paji, shingo, taratibu, kama ninayefanya kazi kweli. Amefumba macho, ametulia.

"Nimekuwa mweupe?" akauliza.

"Umekuwa mzuri."

Nikamvisha sare yetu ya kitenge cha bluu, tuliyoshona wanawake wa mtaa kwa ajili ya siku hiyo. Nilipotoka nilipitia kwenye gunia lake lililo wazi, nikachukua vipande viwili vya mkaa. Nyumbani nikavitwanga mpaka vikawa unga, nikaukanda unga kwa mafuta ya nazi usije ukafutika kirahisi, nikaufunga kwenye mfuko wa nailoni, na mfuko nikaufundika kwenye pindo la khanga.

Uzinduzi ulikuwa alasiri, kwenye ukumbi mmoja Temeke. Tulikwenda na koasta, wanawake ishirini na wawili wa Manzese. Mstari wa mbele, kwenye kiti cha dhahabu, alikaa yule mama wa video na kucha zake. Bi Tunu alielekezwa mstari wa tatu. Twalib alipomwona uso alishtuka, akanitazama. Nikamwangalia mpaka akageuka.

Jabiri akatoka na suti nyeupe. Uso wake siku hizi umekuwa rangi ya chapati, masikio tu ndiyo yamebaki ya Manzese. Akaimba, na lazima niseme kweli, aliimba vizuri mno. Nilichukia jinsi alivyoimba vizuri. Alipofika kwenye *mkono wa mkaa* watu wakaanza kupanda kumtunza, mmoja mmoja, wanacheza huku wanapeperusha noti. Nikaingia kwenye foleni. Nilicheza pia. Mkono mmoja juu, mwingine ndani ya khanga unafungua fundo.

Akaniona, uso ukamchanua. "Manzese!" akapaza sauti kwenye maiki. "Huyu hapa mtani wangu! Mtani wangu wa damu!"

Alilisema mwenyewe, ukumbi mzima ukasikia. Nisingeweza kuomba zaidi ya hapo. Nikampaka kwa viganja viwili: mashavu, paji, pua, kidevu, mpaka kwenye kola ya suti. Muziki ukakatika. Mabaunsa wawili wakanidaka mikono, na mimi nikauinamisha mdomo wangu kwenye maiki yake.

"Mtani, umesema weusi wa mama yako ni taa. Nimekuwashia."

Wazaramo wa Temeke walijaa ukumbini. Wazee wao walikuwa wameketi pale, wamenyamaza, wanasubiri waone. Jabiri alijua wanachosubiri. Nilikuwa karibu naye kiasi cha kuona jasho likitoka chini ya mkaa, na macho yakitaka kunichoma. Akainua mkono.

"Mwacheni," akawaambia mabaunsa. "Mtani hakasirikiwi."

Akacheka. Meno tu. Nilifurahi, sitaficha. Kamera zote zilikuwa zinapiga.

Hapo ndipo Bi Tunu aliposimama bila kuitwa. Akapita mbele ya kiti cha dhahabu, akapanda ngazi akijishika goti. Nilidhani atamfuta mwanawe kwa khanga. Alimshika kidevu tu, akamgeuza upande huu na upande ule, akamtazama kwa muda.

"Sasa ndiyo unafanana na mie," akasema.

Hakuisemea maiki, lakini maiki ilikuwa katikati yao. Jabiri akapiga magoti, na hakubusu mkono wa mtu. Aliweka uso kwenye tumbo la mama yake akalia kwa sauti, kitenge cha bluu kikawa cheusi. Ukumbi ukalipuka. Vigelegele vyangu ndivyo vilivyokuwa virefu kuliko vyote.

Bi Tunu akanigeukia. "Mtani, lete hiyo khanga."

Nikampa nikiwa bado nacheka. Akachovya vidole vitatu kwenye mkaa uliobaki.

"Mie ni mtani wako, au siyo?"

"Ni mtani wangu."

"Pafu ilikuwa kavu. Nilijua, uso ni wangu. Ahsante." Akanipaka shavu la kulia, polepole, kama nilivyompaka yeye asubuhi. "Lakini watazame hao uliokuja nao."

Nikatazama. Wateja wangu ishirini, sare za bluu, nyuso za njano, vifundo vya vidole vyeusi vimeshika simu juu kunirekodi. Wote niliwachanganyia mimi.

"Na huyu," akasema, mkono uko kichwani kwa Jabiri, "kopo lake la kwanza alilitoa wapi? Alikuwa na miaka kumi na tisa. Alikuja nalo nyumbani, nikalinusa. Lilikuwa linanuka saluni kwako."

Shoo yake ya kwanza kubwa. Alikuja kwangu mwenyewe, akaniambia mtani, nisaidie nionekane. Mimi shabiki wake namba moja, nilimchanganyia kwa mapenzi, bure. Nilikuwa nimeshasahau, au nilikuwa nimejisahaulisha. Bi Tunu akanipaka na shavu la kushoto.

Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Nilitaka kumsukuma mkono. Nilitaka kusema biashara ni biashara, nilitaka kushuka jukwaani nirudi Manzese nikavunje vioo vyote vitano. Jabiri aliinua uso kutoka kwenye tumbo la mama yake, mweusi na machozi, akanitazama. Wazee wa Temeke nao walikuwa wamenyamaza tena, safari hii wananisubiri mimi.

Nikacheka. Meno tu.