Redio Iliyoacha Kuvuma

Kabati lilikwisha pandishwa garini na godoro limefungwa kamba kama mwizi, mama alipotangaza kwamba yeye haendi popote bila redio. Alikalia kiti cha mwisho kilichobaki sebuleni, na kiti chenyewe kilikuwa kinangojewa. Binti yake, aliyekuja kumchukua akaishi naye, alimtazama kaka yake tu: haya, kazi kwako.

Kweli ilikuwa yake. Kaka huyo, fundi umeme mstaafu, ndiye aliyeichukua redio ya marehemu baba yao, akaahidi kwamba siku mama atakapohama itakuwa inasema. Redio ya valvu, sanduku la mbao zito kama jiwe la kusagia, haitamki neno mpaka vitaa vyake vya kioo vipate moto. Aliitengenezea nyumbani kwake, mezani pa kulia chakula. Alifukuza mende, akabadili nyaya zilizopukutika ganda, akaijaribu kwanza kupitia balbu, ili kukiwa na hitilafu balbu iwake na redio ipone. Mwisho aling'oa kapasita kuukuu, kile kikopo cha kutuliza umeme, iliyovimba kama shavu la mwenye jino bovu, akalehemu mpya.

Sasa aliiweka juu ya boksi la vyombo, akaichomeka. Vitaa vikaiva. Kimya; kisha mtangazaji akatoka, sauti safi kama maji ya mtungi. Fundi akakunja mikono kungoja sifa.

Mama alisikiliza, akasema hiyo si yake. Yake huvuma kwanza, mmm, ndipo iseme, na mvumo ule ndio uliomlaza miaka yote ya ndoa.

"Mama, ule ulikuwa ubovu wa kapasita."

"Baba yako naye alikoroma. Nilimpeleka kwa fundi?"

Binti akageukia ukutani, mabega yakimcheza kwa kicheko. Nje dereva alipiga honi.

Fundi alijua fika kwamba kapasita ile ikirudi, siku moja itaunguza transfoma, na transfoma ya namna hiyo haipatikani tena. Jasho lake lote litakuwa kutwanga maji kwenye kinu. Akachomoa waya, akasubiri umeme uliolala ndani uishe. Kisha akafungua kopo la vikorokoro na kutoa ile kuukuu.

"Itakufa, mama."

"Na mimi je?"

Akawasha chuma cha kulehemu.

Mvumo ulipoanza, mama aliinuka mwenyewe, na kiti kikapakiwa.

Redio ilivuma kwa binti hadi mvua za mwaka wa pili, ikatoa moshi, ikanyamaza. Mama hakuomba itengenezwe. Aliifuta vumbi mwaka mmoja zaidi, naye akafariki. Binti huweka funguo za nyumba juu ya redio. Kule kwao wamepanga watu wengine. Fundi siku hizi hutengeneza feni za majirani, na kabla ya kuondoa kelele humuuliza mwenyewe kama anaitaka. Kapasita mpya bado imo koponi.