Sampuli Namba Saba

Leticia alirudia kipimo mara tatu, na mara zote mchoro ulitoka vilevile. Asali ya chupa namba saba ilikuwa na sukari ya miwa.

Mwaka wa nne sasa alikuwa akifanya kazi hiyo katika maabara moja ndogo ya Ifakara: kumulika asali kwa mwanga usioonekana kwa macho. Kila aina ya sukari ina umbo lake, na kila umbo hutikisika kivyake likipigwa na mwanga huo. Kwenye kompyuta mtikisiko huonekana kama vilima, na vilima vya sukari ya dukani alivijua hata vikijichanganya na vya asali.

"Namba saba ni ya nani?" alimuuliza Deus, mkuu wake, aliyeshika orodha ya majina.

Deus alisoma, akasita. "Balbina wa Masagati."

Balbina alikuwa mama yake mdogo, aliyemlea tangu akiwa na miaka sita. Leticia alitoka nje, akampigia simu.

"Shikamoo, mama. Uliweka sukari kwenye asali?"

"Marahaba. Kwenye asali sikuweka, niliwapa nyuki. Mvua haikukatika mwezi mzima, maua yakaoza. Walikuwa wanadondoka chini ya mzinga kama pumba. Ningewaangalia tu?"

"Mbona hukusema?"

"Nilijua wewe ndiye unayepima." Sauti ikashuka. "Tupo akina mama kumi na wanne, Leti, tunauza pamoja, na mzigo wetu ni mmoja. Ifute hiyo namba."

Leticia alirudi ndani, akautazama mchoro mpaka macho yakamuuma. Hakuufuta. Alisaini ripoti, akaongeza kwa mkono kwamba nyuki walilishwa sukari ili wasife njaa. Mnunuzi wa asali hiyo hakuyajali maneno hayo. Mzigo wote ulikataliwa.

Tangu hapo Balbina hakupokea simu zake. Krismasi Leticia akafunga safari hadi Masagati, akamkuta anapepeta mchele.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Balbina akaingia ndani, akamtolea kiti. Leticia alipoinama kuchukua ungo amsaidie, akamzuia. "Kaa tu, mtaalamu. Wewe mgeni."

Leticia akakaa.

"Nyuki wanaendeleaje?" aliuliza mwishowe.

"Mizinga yote mizima," Balbina alijibu bila kuinua macho, akaendelea kupepeta.